Umeshika Namba Ngapi?

Aliyesoma shule ya msingi Tanzania au Kenya analijua swali hili. Siku ya kufunga shule ripoti ilikuwa na alama za kila somo na maoni ya mwalimu wa darasa, lakini mzazi aliyaruka yote akatafuta mstari mmoja: wa 4 kati ya 45, au wa 31 kati ya 45. Kwa namba hiyo mtoto alipata soda au alipata bakora. Baada ya hapo ikasahaulika, maana haikumfikisha mtu sekondari wala chuo kikuu. Kilichomfikisha ni mtihani wa mwisho, uliotungwa mbali na shule yake na kusahihishwa na watu wasiomjua hata kwa jina. Unaweza kuwa wa kwanza darasani miaka minne mfululizo, ukaugua malaria wiki ya mtihani, na habari ikaishia hapo.

Hapa Texas mambo yako kinyume. Namba ya darasani, ile ile ya soda na bakora, ndiyo ambayo sheria ya jimbo imeipa nguvu ya kumwingiza mtoto chuo kikuu cha umma. Tangu 1997 mwanafunzi anayemaliza sekondari akiwa ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake ana haki ya kupokelewa, iwe shule yake ni ya matajiri au ya wabeba maboksi. Katika mikusanyiko yetu ya eneo hili la Dallas na Fort Worth tunasikia wazazi wakiieleza sheria hiyo kana kwamba ilishuka na mvua. Haikushuka. Ina historia, na sehemu ya historia hiyo ilitokea hapa hapa Mansfield, barabarani tunakopita kila siku tukienda kazini.

Mwaka 1956 Mansfield ilikuwa kijiji cha wakulima chenye watu wapatao 1,500. Leo ni mji wa watu zaidi ya 72,000, kwa hesabu ya sensa ya 2020, na wilaya yake ya elimu ina shule za sekondari kadhaa: Mansfield High, Summit, Timberview, Legacy, Lake Ridge. Wakati ule ilikuwepo moja tu, na ilikuwa ya Wazungu. Watoto weusi walikuwa na shule yao ya msingi, majengo mawili duni yasiyo na maji ya bomba. Waliotaka kuendelea na sekondari walipanda basi la abiria kwenda Fort Worth, kiasi cha maili 20, wakashushwa mjini na kumalizia kwa miguu mpaka I.M. Terrell High School. Jioni walirudi kwa njia ile ile. Terrell ilikuwa shule yenye walimu wazuri na sifa kubwa (mpiga saksofoni Ornette Coleman alisoma pale), kwa hiyo kilichogombewa hakikuwa ubora wa Terrell. Kilichogombewa ni kwamba mtoto anayeishi hatua chache kutoka Mansfield High alipe kwa masaa yake ya kusoma, na ya kulala, ili jirani yake asikae naye darasa moja.

Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kutoa hukumu ya Brown tarehe 17 Mei 1954, kwamba kutenga shule kwa rangi ni kuvunja katiba. Wazazi weusi wa Mansfield, wakiongozwa na T.M. Moody wa tawi la NAACP, walianza kwa kuomba shule yao itengenezwe na watoto wapatiwe basi. Walipopuuzwa wakaenda mahakamani mwaka 1955. Wakili wao alikuwa L. Clifford Davis wa Fort Worth, ambaye aliishi miaka 100 na kufariki mwaka 2025. Kesi ilijulikana kama Jackson v. Rawdon, kwa jina la Nathaniel Jackson, mmoja wa vijana watatu walioomba kuandikishwa. Jaji wa kwanza aliitupa. Mahakama ya rufaa ikaipindua hukumu hiyo Juni 1956, na hivyo Mansfield ikawa wilaya ya kwanza Texas kuamriwa na mahakama ya shirikisho kuacha ubaguzi shuleni.

Kilichofuata hakipendezi kusimuliwa, lakini mtoto anayesoma pale leo anastahili kukijua. Tarehe 30 na 31 Agosti 1956, siku za kuandikisha, watu zaidi ya 300 waliizingira shule. Masanamu ya mtu mweusi yalitundikwa, moja katika barabara kuu, mengine shuleni penyewe. Gavana Allan Shivers alituma askari wa Texas Rangers. Msomaji asidhani walitumwa kuwalinda wale vijana watatu. Gavana aliwatuma watulize ghasia kwa kuhakikisha kwamba hakuna mwanafunzi mweusi anayeandikishwa, na akaishauri bodi iwahamishie Fort Worth. Ipo picha mashuhuri ya Ranger ameegemea mti mbele ya shule, na nyuma yake sanamu linaning'inia juu ya mlango. Hakuna aliyelishusha. Rais Eisenhower, aliyekuwa katika kampeni ya uchaguzi na ambaye Shivers alimuunga mkono mwaka 1952, hakuingilia. Mwaka mmoja baadaye, kule Little Rock, alilazimika kutuma jeshi, na Little Rock ndiyo ikaingia vitabuni. Mansfield ikasahauliwa, pengine kwa sababu hapa waliozuia mlango walishinda.

Walishinda kwa miaka 9. Wale vijana watatu hawakupata kusoma Mansfield High. Shule ilifungua milango 1965, baada ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964, wilaya ilipoona kwamba itakosa fedha za serikali kuu. Amri ya mahakama ilishindwa, hofu ya kukosa fedha ikaweza. Tunaitaja hapa kwa sababu baadaye tutakutana tena na fedha.

Mji huo huo ndipo alipokaa John Howard Griffin, Mzungu aliyeipaka ngozi yake rangi nyeusi akasafiri Kusini mwa Marekani na kuandika kitabu Black Like Me, kilichotoka 1961. Habari zake zilipoanza kutoka mwaka 1960, sanamu lake pia lilitundikwa mjini. Mansfield ya leo si ile, nasi tunaoishi hapa hatuna sababu ya kuisema vibaya. Ila historia haihami kwa sababu wapangaji wamebadilika.

Sasa tuangalie chuo kikuu. Mwaka 1946 Heman Sweatt, mfanyakazi wa posta wa Houston, aliomba kusoma sheria Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Alikataliwa kwa rangi yake tu. Badala ya kumpokea, jimbo lilimfungulia shule ya sheria ya peke yake katika vyumba vya chini vya jengo moja karibu na bunge, na mwaka 1947 likaanzisha Houston chuo cha watu weusi ambacho ndicho Texas Southern University ya leo. Ndugu zetu wa Houston wanaopeleka watoto pale wajue hivyo ndivyo kilivyozaliwa. Sweatt alishinda Mahakama Kuu tarehe 5 Juni 1950. Lakini Austin haikupokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mpaka 1956, mwaka ule ule wa masanamu ya Mansfield.

Hapa sisi wahandisi tunasimama kidogo, kwa sababu tunapenda kujua chombo cha kupimia kilitengenezwa na nani na kwa kazi gani. Kabla ya hapo, Mzungu mwenye cheti cha sekondari ya Texas aliingia Austin bila shida kubwa. Ilipokuwa dhahiri kwamba weusi hawatazuilika tena kwa sheria, chuo kikaamua kuanzisha mtihani wa majaribio ya akili kwa waombaji wote. Nyaraka za kamati yake za mwaka 1955 zimehifadhiwa, na watafiti wamezisoma: zilipiga hesabu kwamba kiwango fulani cha alama kingewaondoa Wazungu wachache na kuwaondoa weusi zaidi ya theluthi mbili. Mtihani hautaji rangi. Karatasi ni moja, saa ni moja. Lakini waliouchagua walikuwa wamekwisha kuujua mwisho wake, na mtoto aliyepanda basi maili 20 kila asubuhi hakuujua.

Tusiwacheke sana Watexas. Mwaka huo huo wa 1956 Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi, nacho baadaye ndicho kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Shule za Kenya na Tanganyika zilikuwa zimetengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika, kila moja na fungu lake la fedha. Mwafrika aliyepita chekeche zote alikutana na cheti cha Cambridge, kilichosahihishwa Uingereza, kisha nafasi chache za Makerere. Waliobaki nje hawakuwa wajinga. Viti ndivyo vilivyokwisha. Septemba 1959 Tom Mboya alipopeleka Marekani ndege ya kukodi yenye wanafunzi 81, alikuwa ametambua jambo hilo hilo. Vyuo vya Marekani vilitazama cheti kile kile ambacho mkoloni alisema hakitoshi, vikasema kinatosha. Mwaka 1960 akaja, pamoja na wengine, Wangari Maathai, akaenda chuo kidogo cha Kansas. Wakuu wa kikoloni walizidharau digrii hizo za Marekani. Historia imekwisha kuamua nani alikuwa sahihi.

Hata baada ya uhuru mlango uliendelea kuchongwa upya. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba Mtanzania aliyemaliza Kidato cha Sita hatakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili, aje na barua za mwajiri na za tawi la TANU. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, nacho kilihitaji vijana ambao hesabu zao hazijapoa. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Wazee wetu wanaoshangaa kwa nini vyuo vya hapa vinataka insha, barua za walimu na habari za kujitolea, wakumbuke barua ya tawi. Wazo ni moja, kwamba alama peke yake haimwelezi mtu. Tofauti ni nani anayeandika barua.

Turudi Texas. Machi 1996 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Hopwood, ilipiga marufuku vyuo vya hapa kuzingatia rangi ya mwombaji. Idadi ya weusi na ya wenye asili ya Mexico waliopokelewa Austin ikashuka. Mbunge Irma Rangel wa Kingsville na Seneta Gonzalo Barrientos wakaja na hesabu rahisi kabisa: chukueni asilimia 10 ya juu ya kila sekondari, pasipo kuuliza rangi wala alama za SAT. Gavana George W. Bush alitia sahihi mwaka 1997. Shule za Texas zilikuwa bado zimegawanyika kwa makazi, weusi huku, Walatino kule, Wazungu kwingine, na mgawanyiko huo ndio uliotumika kufungua mlango. Wawakilishi wa mashambani, Wazungu watupu, waliipenda pia, kwa kuwa shule zao ndogo zilikuwa hazijapeleka mtoto Austin kwa muda mrefu. Kwa maoni yetu ni moja ya sheria za elimu zenye akili zaidi zilizopata kuandikwa, na uzuri wake ni kwamba inampima mtoto kwa waliokaa naye chumba kimoja, chini ya walimu wale wale na paa lile lile linalovuja.

Wenye watoto katika shule ngumu waliilalamikia, na bado wanailalamikia. Mwaka 2009 bunge liliiruhusu Austin ijaze robo tatu tu ya nafasi za Watexas kwa njia hiyo. Ndiyo maana Austin kizingiti kilipanda mpaka asilimia 6 ya juu, na kwa wanaoingia kuanzia vuli ya 2026 ni asilimia 5. Vyuo vingine vya umma, Texas A&M kikiwemo, bado vinafuata asilimia 10. SAT, iliyoachwa wakati wa korona mwaka 2020, Austin imeirudisha kwa walioomba kuingia vuli ya 2025 na kuendelea. Na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilizuia vyuo kuzingatia rangi nchi nzima, hivyo hesabu ya Bi Rangel imebaki na kazi kubwa kuliko alipoiandika.

Kwa mzazi aliyekulia kwenye mtihani wa mwisho, hatari iko hapa. Kwetu mtoto alicheza Kidato cha Tatu, akaamka Kidato cha Nne, akatoka na Daraja la Kwanza, na kijiji kizima kikasherehekea. Hapa vyuo huangalia namba aliyonayo mwisho wa darasa la 11, na namba hiyo imejengwa tangu darasa la 9. Mtoto anayeamka darasa la 12 ameamka maombi yameshapelekwa. Fundi wa zege ananielewa: unavunja mche wa majaribio siku ya 28, lakini kama nondo zilikosewa kabla ya kumimina, kipimo kinakupa taarifa tu.

Namba peke yake pia haitoshi, na hili limewakwamisha vijana wazuri. Tangu sheria ya 2013 mwanafunzi anayetaka haki ya asilimia 10 kwa kawaida anatakiwa amalize kwa daraja la juu la ufaulu la jimbo, na daraja hilo linadai Aljebra ya Pili. Anaweza kuhitimu sekondari bila somo hilo, akavaa joho, akapigwa picha, huku haki imempita. Kwa anayetaka uhandisi ngazi inaanza mapema zaidi. Ili afike kalkulasi darasa la 12 anatakiwa awe na Aljebra ya Kwanza darasa la 8. Sheria ya 2023 inazitaka wilaya zimwingize katika hesabu za juu za darasa la 6 kila mtoto aliyekuwa katika asilimia 40 ya juu ya hesabu darasa la 5, na mzazi ana haki ya kumtoa. Asimtoe kwa huruma. Tena, kupokelewa chuoni kwa asilimia 10 si kupokelewa katika kitivo: uhandisi wa Austin na wa A&M una mchujo wake.

Kila wilaya ina kanuni yake ya kukokotoa namba, masomo gani yanaongezewa uzito na yapi hayaongezewi. Kanuni hiyo imeandikwa na ni ya wazi. Mzazi aiombe kwa mshauri wa wanafunzi wakati mtoto yuko darasa la 8, asingoje.

Waliokosa namba hawajakosa chuo, na hapa ndipo Marekani inaipita mfumo wetu kwa mbali. Kule kwetu aliyekosa pointi alirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, au alikaa nyumbani akatazamwa. Tarrant County College ilifunguliwa 1967, miaka miwili tu baada ya Mansfield High kupokea watoto weusi, na tawi lake la Kusini Mashariki liko kusini mwa Arlington, mwendo mfupi kutoka Mansfield. Linapokea mwenye cheti cha sekondari, miaka miwili kwa ada ndogo, kisha mtu anahamia chuo kikuu. UT Arlington iko jirani; ilipoitwa Arlington State College haikupokea weusi mpaka 1962, na leo ina kitivo cha uhandisi ambacho mwanafunzi aliyeanzia chuo cha jamii anaweza kuhamia. Kuna pia masomo yanayohesabiwa mara mbili, sekondari na chuoni, na tangu 2023 mpango wa jimbo huwalipia watoto wa familia zenye kipato kidogo katika vyuo vinavyoshiriki. Tunawajua vijana waliomaliza sekondari wakiwa na mwaka mzima wa chuo mkononi. Tunawajua pia wazazi wanaoona haya kutaja chuo cha jamii mbele za watu harusini, na hao hatuna la kuwasaidia.

Tulisema tutarudi kwenye fedha. Mwaka 2001 Mbunge Rick Noriega wa Houston alipitisha sheria, Gavana Rick Perry akaitia sahihi, ya kumruhusu kijana aliyekaa Texas miaka mitatu na kumaliza sekondari hapa alipe ada ya mkazi, hata kama hana karatasi, mradi aape kwamba ataomba ukazi wa kudumu atakapostahili. Texas ilikuwa jimbo la kwanza kufanya hivyo, na kwa zaidi ya miaka 20 watoto wa kila taifa, wa kwetu wakiwemo, walisoma kwa sheria hiyo. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya shirikisho iliishitaki Texas juu yake, mwanasheria mkuu wa jimbo akakubaliana na mshitaki, na jaji akatoa amri siku ile ile kwamba isitumike tena kwa wasio na kibali halali cha kuishi nchini. Hakuna umati uliozingira shule, wala sanamu lililotundikwa. Mwanafunzi anaweza kuwa wa 5 kati ya 600, jina lake likapita, kisha akaletewa ada ya mgeni, ambayo kwa mwaka inazidi ya mkazi kwa maelfu mengi ya dola.

Amri hiyo haiwagusi wenye makazi ya kudumu, wala raia. Lakini wapo kati yetu watoto wenye hifadhi ya ukimbizi, wenye maombi yanayosubiri, wenye viza za wazazi wao wa kazi, na majibu ya madirishani hayafanani kutoka chuo kimoja hadi kingine. Mwenye mtoto wa namna hiyo aulize ofisi ya usajili ya chuo kwa maandishi, ataje aina kamili ya kibali, na ayatunze majibu pamoja na vyeti. Afanye hivyo mtoto akiwa darasa la 11, kabla maombi hayajafunguliwa tarehe 1 Agosti.